Malengelenge Yanayoletwa na Dawa: Namna ya Kuyatambua na Kuyashughulikia Yanapokuja kwa Sura Isiyozoeleka

Zipo dawa ambazo, kwa watu wachache wanaozitumia, huifanya kinga ya mwili iishambulie ngozi. Kingamwili hushika protini zinazounganisha seli za tabaka la juu la ngozi, au zile zinazolishikiza tabaka hilo kwenye tabaka lililo chini yake. Mshikamano ukikatika, majimaji hujaa katika nafasi iliyoachwa wazi na lengelenge hujitokeza. Seli za tabaka la juu zinapoachana zenyewe kwa zenyewe, ugonjwa huitwa pemfigasi, na malengelenge yake ni mepesi, hupasuka haraka na kuacha vidonda vibichi. Mpasuko unapokuwa chini ya tabaka la juu, kwenye utando wa msingi, ugonjwa huwa ama pemfigoidi ama ugonjwa wa mstari wa IgA (IgA ni aina mojawapo ya kingamwili), na malengelenge yake huwa magumu, yaliyotuna, yanayoweza kudumu siku kadhaa bila kupasuka. Tofauti hiyo iliwekwa wazi na Walter Lever mwaka 1953, na bado ndiyo msingi wa kila uamuzi unaofuata.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya daktari, tabibu, muuguzi na mfamasia anayekutana na mgonjwa wa namna hii kabla hajafika kwa mtaalamu wa ngozi, ingawa mgonjwa na anayemuuguza wanaweza pia kunufaika nao. Ninasisitiza sura zisizozoeleka kwa sababu moja: mgonjwa mwenye malengelenge makubwa mwili mzima hutambuliwa na karibu kila mtu, ilhali yule anayewashwa kwa miezi mingi bila lengelenge hata moja huzungushwa kati ya dawa za ukurutu na dawa za mzio huku akiendelea kumeza kila asubuhi kidonge kinachomdhuru.

Hatua ya kwanza: Hakikisha si dharura

Kabla ya kufikiria kingamwili, jiulize kama unachokiona ni sindromu ya Stevens-Johnson au hali kali zaidi ya kuchunika kwa ngozi inayoletwa na dawa, kwa kuwa hizo huua. Dalili za kutafuta ni ngozi inayouma kuliko kuwasha, mabaka yenye rangi ya damu iliyovilia, homa, macho mekundu yanayouma, na vidonda mdomoni na sehemu za siri vilivyoanza kwa wakati mmoja. Kadiria eneo lililochunika au linaloelekea kuchunika kwa kutumia kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake, ambacho ni sawa na takriban asilimia 1 ya ngozi yote: eneo lisilofika asilimia 10 huhesabiwa kuwa Stevens-Johnson, na linalozidi asilimia 30 huhesabiwa kuwa hali ile kali zaidi. Mgonjwa wa aina hiyo hulazwa siku hiyohiyo, na kila dawa isiyo ya lazima husimamishwa bila kungoja majibu ya maabara.

Hapa pana mtego ambao kila mhudumu wa wodi anapaswa kuujua. Ugonjwa wa mstari wa IgA unaoletwa na antibayotiki ya vankomaisini unaweza kuchunua ngozi kwa mapande makubwa kiasi kwamba kwa macho haupambanuki na hali hiyo kali. Hata kipimo cha kusugua ngozi kwa kidole pembeni mwa kidonda ili kuona kama inateleza, ambacho kwa kawaida huonyesha pemfigasi na kuchunika kwa ngozi na si magonjwa ya utando wa msingi, kinaweza kutoa jibu la ndiyo kwa mgonjwa kama huyo. Kwa hiyo mhudumie kama dharura, lakini usiache kuchukua sampuli ya ngozi, kwa sababu matibabu ya baadaye na matarajio ya kupona hayafanani.

Hatua ya pili: Tengeneza kalenda ya dawa

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Swali la "unatumia dawa gani?" halitoshi, kwa kuwa mtu hutaja alizoandikiwa wiki iliyopita na kusahau kile kidonge alichokizoea kwa miaka miwili. Mwombe mgonjwa au ndugu yake alete pakiti zote, chupa zote na karatasi zote za kliniki, kisha chora mstari wa muda unaoanza angalau miaka miwili kabla ya dalili ya kwanza. Juu ya mstari andika siku kila dawa ilipoanzwa, ilipobadilishwa dozi na ilipoachwa. Chini yake andika siku muwasho ulipoanza, siku lengelenge la kwanza lilipotokea, na kila mara hali ilipozidi au kupungua. Muwasho uandikwe peke yake, usichanganywe na malengelenge, maana katika pemfigoidi unaweza kutangulia kwa wiki au hata miezi, na anayehesabu kuanzia lengelenge la kwanza atamshuku asiye na hatia.

Soma pia maandishi madogo kwenye pakiti. Dawa za kisukari za kundi la gliptini, yaani vildagliptini, linagliptini, sitagliptini na jamaa zake, mara nyingi huuzwa zikiwa zimechanganywa na metfomini ndani ya kidonge kimoja, na mgonjwa husema kwa uaminifu kabisa kwamba anatumia metfomini tu. Vivyo hivyo dawa za shinikizo la damu huunganishwa mbili au tatu pamoja. Uliza sindano alizopewa hospitalini, dawa zilizopitishwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na dripu za saratani, ambazo wengi hawazihesabu kuwa "dawa" kwa sababu hawazimezi. Uliza pia dawa za asili na virutubisho, bila kumkemea anayevitumia.

Muda wa kusubiri kati ya kuanza dawa na kuanza ugonjwa hutofautiana mno, na ndio unaowapotosha wengi, kwa kuwa tumezoea kufikiri kwamba dawa inayodhuru hudhuru ndani ya siku chache. Vankomaisini hufuata mazoea hayo: malengelenge ya IgA hutokea kwa kawaida ndani ya siku chache hadi wiki mbili tangu dozi ya kwanza, na mapema zaidi kwa aliyewahi kuipata, wala ukali wake hautegemei kiwango cha dawa kilichomo kwenye damu. Gliptini ziko upande wa pili kabisa. Pemfigoidi yake huja baada ya miezi mingi, wakati mwingine baada ya zaidi ya mwaka. Dawa za saratani zinazoondoa kizuizi cha kinga ya mwili, kama vile pembrolizumabu na nivolumabu, zinaweza kuleta pemfigoidi miezi mingi baada ya kuanzwa, na hata baada ya dripu ya mwisho, kwa kuwa athari yake kwenye kinga hubaki muda mrefu. Penisilamini, ambayo hutumika kwa ugonjwa wa Wilson (shaba kurundikana mwilini) na zamani ilitumika sana kwa baridi yabisi, huleta pemfigasi baada ya miezi kadhaa ya matumizi, na kaptoprili, ambayo ina kiungo cha salfa kinachofanana na chake, hushukiwa kwa njia hiyohiyo. Ongeza kwenye orodha ya kuchunguza furosemidi, spironolaktoni, enalaprili, rifampisini na antibayotiki za jamii ya penisilini na sefalosporini.

Kalenda ikikamilika, weka alama kwenye dawa tatu kwa mpangilio wa uzito wa shaka. Kipimo cha maswali cha Naranjo, kilichochapishwa mwaka 1981, husaidia kupanga mawazo: alama 9 na kuendelea humaanisha uhusiano wa hakika, 5 hadi 8 huelekea kuwa kweli, 1 hadi 4 huwezekana, na 0 au chini yake ni wa mashaka. Kina upungufu mmoja hapa, kwamba kinatoa alama kwa kumpa mgonjwa dawa ileile tena, jambo ambalo kwa magonjwa haya halipaswi kufanywa kwa makusudi.

Hatua ya tatu: Itazame ngozi bila kungoja malengelenge

Mvue mgonjwa nguo zote kwa staha, mahali penye mwanga mzuri, na utazame pamoja na mdomo, macho, sehemu za siri, kichwani ndani ya nywele, viganja na nyayo. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa pemfigoidi hana malengelenge anapofika mara ya kwanza. Atakuwa na mabaka yaliyovimba mithili ya mzio wa ghafla, isipokuwa baka moja hubaki mahali pake kwa siku kadhaa badala ya kutoweka ndani ya saa 24. Au atakuwa na ngozi iliyokauka na kukwaruzwa kama ya ukurutu, au vinundu vigumu vilivyotokana na kujikuna, au vipovu vidogo vya viganjani na nyayoni vinavyodhaniwa kuwa fangasi. Mtu mzima mwenye umri mkubwa, anayewashwa kiasi cha kukosa usingizi, ambaye ametibiwa skabizi zaidi ya mara moja bila kupona, anastahili kipimo cha pemfigoidi hata kama ngozi yake haina lengelenge.

Pemfigoidi ya gliptini ina tabia yake inayofaa kukumbukwa. Mara nyingi malengelenge huota juu ya ngozi ambayo haijawa nyekundu wala haijavimba, kwa hiyo hudhaniwa kuwa ni malengelenge yanayowapata baadhi ya wenye kisukari miguuni, au ni ya kuungua bila kuhisi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha hata pale ulipo, nao huonekana kama rangi ya zambarau au kahawia iliyokolea. Gusa, usitazame tu, maana joto na uvimbe huhisiwa hata pale rangi haionekani.

Pemfigasi ya dawa nayo hujificha kwa namna nyingine. Aina inayoshambulia sehemu ya juu kabisa ya ngozi haionyeshi malengelenge, kwa kuwa hupasuka kabla ya kuonekana. Kinachobaki ni magamba na gaga zenye unyevunyevu kifuani, mgongoni, usoni na kichwani, ambazo hutibiwa kama mba au maambukizi ya bakteria. Usiyasahau magonjwa mengine yanayoweza kufanana nayo, ambayo ni mkanda wa jeshi, mabaka ya dawa yanayorudi mahali palepale kila dawa inapomezwa, na malengelenge ya uvimbe wa miguu kwa wenye ugonjwa wa moyo.

Hatua ya nne: Chukua sampuli sahihi kabla ya kuanza steroidi

Sampuli zinazotakiwa ni mbili za ngozi na moja ya damu. Ya kwanza huchukuliwa ukingoni mwa lengelenge changa, au lengelenge dogo lote likiwezekana, na huwekwa kwenye formalini, kimiminika cha kuhifadhi sampuli, kwa ajili ya kutazamwa kwa darubini ya kawaida. Ya pili, ambayo ndiyo yenye uamuzi, huchukuliwa kwenye ngozi iliyo nzima, isiyo na lengelenge wala mchubuko, ndani ya sentimita 1 hivi kutoka ukingo wa kidonda. Kwa asiye na malengelenge, ichukuliwe pembeni mwa baka. Kifaa cha kutoboa cha milimita 4 kinatosha. Epuka sehemu ya chini ya mguu iwapo kuna mahali pengine, kwa sababu majibu ya uongo ya "hakuna kitu" hutokea zaidi huko.

Sampuli hii ya pili isitumbukizwe kwenye formalini kwa namna yoyote, kwani formalini huharibu protini zinazotafutwa. Iwekwe kwenye kimiminika cha Michel, ambacho huhifadhi protini hizo, au, pasipo nacho, kwenye maji ya chumvi ya hospitali yaliyo safi, ifike maabara ndani ya saa 24 hadi 48. Ningependa kila chumba cha upasuaji mdogo kiwe na maneno hayo yamebandikwa ukutani, kwa maana mgonjwa anayekatwa ngozi bure kwa sababu ya chupa isiyo sahihi hukatwa tena akiwa tayari ameanza prednisoloni, yaani steroidi ya kumeza inayotuliza kinga ya mwili, na wakati huo jibu hudhoofika.

Maabara hupaka sampuli hiyo rangi ing'aayo inayonata kwenye kingamwili. Kingamwili zikionekana kama wavu unaozunguka kila seli ya tabaka la juu, ni pemfigasi. Zikionekana kama mstari mmoja kwenye utando wa msingi wenye IgG (aina nyingine ya kingamwili) na C3 (protini ya kinga ya kundi la komplimenti), ni pemfigoidi au ndugu yake. Mstari huo ukiwa wa IgA, ni ugonjwa wa mstari wa IgA. Damu hutumika kutafuta kingamwili zinazozunguka, na hapa tena sura isiyozoeleka hujitokeza. Kipimo cha kawaida cha pemfigoidi hutafuta kingamwili zinazoshika kipande kimoja tu, kiitwacho NC16A, cha BP180, ambayo ni mojawapo ya protini zinazolishikiza tabaka la juu la ngozi, ilhali baadhi ya wagonjwa wa gliptini huwa na kingamwili zinazoshika vipande vingine vya protini hiyohiyo. Jibu la damu la "hakuna" haliondoi ugonjwa kwao. Jibu la ngozi ndilo lipewe uzito.

Hatua ya tano: Simamisha dawa inayoshukiwa, kwa mpango

Kwa vankomaisini uamuzi ni mwepesi: iachwe, na antibayotiki nyingine ichaguliwe kulingana na vijidudu vilivyooteshwa. Malengelenge mapya kwa kawaida hukoma ndani ya siku chache, na ngozi hupona katika wiki zinazofuata, mara nyingi bila dawa nzito.

Gliptini nayo iachwe mara ugonjwa unapothibitishwa, au hata kabla ikiwa shaka ni kubwa, lakini mgonjwa asipewe gliptini nyingine badala yake. Metfomini yenyewe inaweza kuendelea ikitolewa peke yake. Mpango wa sukari ufanywe siku hiyohiyo na anayemtibu kisukari, kwa kuwa dawa imeondolewa na huenda prednisoloni ikaongezwa, na mambo hayo mawili kwa pamoja yanaweza kupandisha sukari kwa kasi ya kutisha.

Dawa ya saratani isisimamishwe na mtu mmoja. Ugonjwa mwepesi wa ngozi huweza kutibiwa kwa malhamu huku dripu zikiendelea. Ulio mkali huhitaji kuahirisha au kuacha, na uamuzi huo ni wa daktari wa saratani, daktari wa ngozi na mgonjwa mwenyewe, ambaye ana haki ya kuelezwa anachopata na anachopoteza kila upande. Dawa ya moyo au shinikizo la damu ibadilishwe kwa ya kundi lingine, isikatwe ghafla ikaachwa pengo.

Mweleze mgonjwa mapema kwamba kuacha dawa hakuhakikishi kupona mara moja. Wapo ambao ugonjwa wao uliletwa na dawa na huisha nayo, na wapo ambao dawa iliamsha tu ugonjwa uliokuwa tayari kuja, nao huendelea kwa miezi au miaka. Hakuna kipimo cha siku ya kwanza kinachowatenganisha. Muda ndio unaoonyesha.

Hatua ya sita: Tibu ngozi na umtunze mwenye ngozi

Malengelenge makubwa yanayouma yatobolewe kwa sindano safi upande wa chini ili maji yatoke, lakini paa la ngozi liachwe lifunike kidonda. Osha kwa upole, paka mafuta mazito yasiyo na manukato, funika kwa bandeji isiyonata, na usigandishe plasta kwenye ngozi dhaifu. Kila siku hesabu malengelenge mapya na uandike idadi. Hesabu hiyo hueleza maendeleo kuliko maneno ya "afadhali kidogo".

Kwa pemfigoidi, malhamu ya klobetasoli ya asilimia 0.05 ni tiba yenye nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Hupakwa gramu 10 hadi 30 kwa siku kulingana na ukubwa wa ugonjwa, mwili mzima isipokuwa usoni, kisha hupunguzwa polepole malengelenge mapya yanapokoma. Ikihitajika dawa ya kumeza, prednisoloni ya miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ndiyo dozi ya kawaida ya kuanzia, na doksisaiklini ya miligramu 200 kwa siku ni chaguo kwa mzee ambaye steroidi zingemdhuru. Ugonjwa wa mstari wa IgA usiotulia baada ya kuacha dawa hujibu vizuri dapsoni, kwa sharti kwamba kimeng'enya cha G6PD kimepimwa kwanza, kwani mwenye upungufu wake anaweza kupasukiwa na chembe nyekundu za damu kwa kiasi cha kuhatarisha maisha, na hesabu ya damu ifanywe kila wiki katika mwezi wa kwanza. Pemfigasi isiyokoma huhitaji mtaalamu, steroidi za kumeza na mara nyingi rituksimabu, dawa ya dripu inayopunguza seli zinazohusika na kutengeneza kingamwili.

Vidonda vya mdomoni vifuatiliwe pamoja na uzito wa mgonjwa, kwa kuwa asiyeweza kula hudhoofika kabla ngozi haijapona. Macho yakiwa mekundu au yanakwaruza, mtaalamu wa macho amwone bila kuchelewa. Makovu ya macho hayarudishwi nyuma.

Hatua ya saba: Funga kumbukumbu na utoe taarifa

Mwandikie mgonjwa kadi yenye jina halisi la dawa, jina la kibiashara alilolijua, tarehe, aina ya ugonjwa na dawa jamaa za kuepuka, naye aionyeshe kila anapotibiwa. Kwa mgonjwa anayesafishwa damu, nakala ibaki kwenye faili la kitengo hicho, kwa sababu huko ndiko vankomaisini inakoweza kurudishwa na mtu asiyejua historia.

Kisha peleka taarifa kwa mamlaka ya dawa ya nchi yako kupitia fomu ya madhara ya dawa, hata kama huna uhakika kamili. Mpango wa kimataifa wa kufuatilia usalama wa dawa chini ya Shirika la Afya Duniani ulianza mwaka 1968, na taarifa za nchi wanachama hukusanywa Uppsala, Sweden. Uhusiano wa gliptini na pemfigoidi ulipata nguvu kutokana na taarifa za namna hii, mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Kwenye fomu jaza tarehe ya kuanza dawa, tarehe ya muwasho wa kwanza, tarehe ya lengelenge la kwanza, tarehe ya kuacha dawa na kilichotokea baada ya hapo. Yote hayo tayari yamo kwenye kalenda uliyoichora katika hatua ya pili, na nakala yake inaweza kuambatishwa jinsi ilivyo, baada ya kuondoa jina la mgonjwa.